Uzi: Kununua nyumba ya kwanza Mombasa kupitia dalali aliyeishika

Mwenye uzi

Mwaka 2019 nilimkabidhi dalali shilingi 150,000 kama arubuni ya nyumba iliyoko Utange. Alikuwa na picha za nyumba hiyo, nakala ya hatimiliki na karatasi ya kurasa mbili aliyoiita mkataba, akanieleza kwamba ameishika nyumba kwa siku 30 na kwamba nikichelewa atampa mtu mwingine. Wiki tatu baadaye nilimtafuta mwenye nyumba kwa juhudi zangu mwenyewe, naye akanieleza kwa upole kwamba alizungumza na dalali yule mara moja tu, wakiwa wamesimama mlangoni, na kwamba hakuwahi kutia saini popote. Nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa jirani. Nilirejeshewa shilingi 60,000 kwa mafungu, na zilizosalia sikuziona tena.

Tangu wakati huo nimenunua nyumba mbili, moja Kiembeni mwaka 2021 na nyingine Mikindani mwaka 2023, na zote mbili nilizipata kwa madalali. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kuwachafulia watu jina. Mtu anayeanza, asiye na jamaa wala sifa katika biashara hii, hana namna ya kujua kwamba mjane fulani anataka kuhamia kwa mwanawe na angependa kuiuza nyumba kabla ya Ramadhani, au kwamba ndugu wanne wamechoka kugombania kodi ya nyumba ya marehemu baba yao. Dalali anayeshinda barazani anayajua hayo yote, na habari hiyo ina thamani na inastahili kulipiwa. Ninachotaka wanaoanza wakielewe ni kwamba dalali anayesema ameishika nyumba hakuuzii nyumba. Anakuuzia nafasi yake katika mapatano aliyofanya na mwenye nyumba, na nafasi hiyo ina nguvu kadiri ya karatasi aliyonayo, wala haizidi hapo.

Hapa kwetu neno dalali linabeba watu wa aina tatu, na kuwachanganya ndiko kunakoponza wengi. Yupo anayekuonyesha tu: anakupeleka, anakukutanisha na mwenye mali, na analipwa ujira wake mauzo yakikamilika. Yupo aliyepatana na mwenye mali kwamba, kwa mfano, akipewa milioni 3 ameridhika, na chochote kitakachozidi ni cha dalali; hicho ndicho tunachokiita cha juu. Na yupo, ingawa ni adimu, ambaye amelipa arubuni yake mwenyewe, ametia saini mkataba wa mauzo na mwenye mali, na sasa anatafuta mtu wa kumwachia mkataba huo kabla muda wake haujaisha. Wote watatu watakwambia maneno yale yale: “Nyumba hii nimeishika mimi.” Swali lako la kwanza liwe ameishika kwa nini: kwa mdomo, kwa ahadi ya bei, au kwa mkataba uliotiwa saini.

Aina hiyo ya tatu ndiyo inayosifiwa sana katika video za Wamarekani ambazo vijana wetu wanazitazama. Kule, mtu huingia mkataba wa kununua nyumba ya bei nafuu, mara nyingi iliyochakaa, kisha humuuzia mwekezaji haki ya mkataba huo kwa ada, naye mwekezaji ndiye anayekamilisha ununuzi. Hata huko mambo si holela: jimbo la Illinois lilibadilisha sheria yake mwaka 2019 ili anayefanya biashara hiyo zaidi ya mara moja katika miezi 12 awe na leseni, na Oklahoma ilitunga sheria yake mwaka 2021 dhidi ya wanaowalaghai wenye nyumba kwa njia hiyo. Wawekezaji wa huko wana kipimo chao pia. Huchukua thamani ya nyumba baada ya matengenezo, wakahesabu asilimia 70 yake, wakaondoa humo gharama za matengenezo, na kinachobaki ndicho kikomo cha bei yao. Kipimo hicho nitakirudia chini, kwa sababu kilinisaidia, ingawa si kwa namna niliyoitarajia.

Kwa upande wetu hapa Kenya, jiwe la msingi ni kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Mkataba wa kuuza ardhi au nyumba lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na wote wanaohusika, na saini hizo zishuhudiwe. Mapatano ya mdomo kati ya dalali na mwenye nyumba, hata kama yalifanywa mbele ya wazee kumi, hayampi dalali haki ambayo wewe unaweza kwenda kuidai mahakamani. Na hata mkataba wenyewe ukiwapo, usome kama unaruhusu mnunuzi kuikabidhi nafasi yake kwa mtu mwingine. Baadhi ya mikataba humtaja “mnunuzi au mteule wake”, na mingine hukataza kabisa bila idhini ya muuzaji. Nimewahi kuletewa mkataba wa nyumba ya Bamburi uliokuwa halali kwa kila hali, ila ulikataza kuhamishwa, na dalali aliyeniletea hakuwa na habari kwa sababu hakuwa ameusoma.

Kuna pia Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inayomtaka kila anayefanya kazi ya uwakala asajiliwe na bodi inayohusika. Madalali wengi wa mitaani hawajasajiliwa. Nawashauri mumuulize dalali wenu kuhusu usajili wake, kwa adabu, na mwangalie anavyojibu. Aidha, Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo, kwa hiyo ile “ada ya kuandika mkataba” ambayo baadhi yao huitoza haifai kulipwa hata senti moja.

Nitaendelea na hesabu za Kiembeni, lakini naona maswali yameanza kuingia.

Mchangiaji kutoka Jomvu

Dada, nakushukuru kwa kufungua uzi huu. Mimi nimekwama papo hapo ulipopataja. Kuna nyumba nimeonyeshwa karibu na Miritini, naipenda, lakini dalali amekataa katakata nisimwone mwenye nyumba mpaka nilipe nusu ya arubuni. Anasema wanunuzi wengi wamemzunguka, wakaenda kumalizana na mwenye mali usiku, naye akaachwa mikono mitupu. Nikimtazama naona kwamba hasemi uongo. Je, nifanyeje ili yeye asipoteze haki yake na mimi nisipoteze pesa zangu?

Mwenye uzi

Kaka yangu, hofu yake ni ya kweli, na usiipuuze. Wanunuzi wanaomzunguka dalali wanajiharibia wenyewe, kwa sababu mji huu ni mdogo na habari huvuka kivuko cha Likoni kabla yako. Baada ya kufanya hivyo mara moja, hakuna atakayekuita tena panapopatikana nyumba nzuri.

Njia niliyoitumia mimi ni kumtangulizia karatasi kabla ya kumtangulizia pesa. Kabla ya kwenda kumwona mwenye nyumba, wakili wangu aliandika barua fupi ikisema kwamba fulani ndiye aliyenionyesha nyumba hii. Kwamba nikiinunua, mimi au mtu wa nyumbani kwangu, katika muda wa miezi 12, atalipwa kiasi tulichokubaliana. Na kwamba malipo hayo yatatoka katika ofisi ya wakili siku ambayo uhamisho utasajiliwa kwa jina langu. Nilitia saini, naye akatia saini, kila mmoja akachukua nakala. Dalali mwenye kitu mkononi hukubali barua hiyo haraka, kwa kuwa inamlinda kuliko alivyolindwa maisha yake yote. Asiye na kitu huanza kuzungumzia wanunuzi wengine waliokuwa tayari jana.

Akikataa hata baada ya barua, mwache. Najua inauma kuiacha nyumba uliyoipenda.

Na kwa kuwa umetaja Miritini, nyumba ikiwa karibu na reli ya kisasa au barabara ya Dongo Kundu, mpeleke mpima ardhi mwenye leseni akutazamie kama kiwanja hakikuingia katika eneo lililotwaliwa au katika hifadhi ya barabara. Tangu treni ianze kuhudumu mwaka 2017, wauzaji wa upande huo husifia ukaribu wa kituo, lakini ukaribu huo huo ndio unaoweza kukutoa. Mawe ya mipaka yaonekane kwa macho na yalingane na ramani ya usajili. Usiridhike na ua wa michongoma.

Sasa nirudi Kiembeni. Nyumba ilikuwa na makao mawili ya kupangisha, na niliambiwa bei ni milioni 3.8. Dalali alidai kwamba ikitengenezwa itafika thamani ya milioni 6, na kwamba matengenezo hayazidi shilingi 200,000, yaani rangi na milango. Kwa kipimo kile cha Wamarekani, asilimia 70 ya milioni 6 ni milioni 4.2, ukitoa 200,000 unabakiwa na milioni 4. Kwa hesabu yake, basi, nilikuwa nikipewa zawadi.

Nilimpeleka fundi niliyemwamini, akakaa mle ndani saa tatu. Alitoboa lipu akaonyesha jinsi chumvi ilivyokula kuta, akapanda juu akakuta nondo za slabu zimeota kutu na kuanza kupasua zege, jambo ambalo kila aishiye karibu na bahari hapa anapaswa kulitazama kwanza. Shimo la maji machafu nalo lilikuwa limebomoka upande mmoja. Alikadiria shilingi 650,000. Mthamini aliyesajiliwa aliipa nyumba thamani ya milioni 5 baada ya matengenezo hayo. Asilimia 70 ya milioni 5 ni milioni 3.5, ukitoa 650,000 inabaki milioni 2.85. Kikomo kimeshuka kutoka milioni 4 hadi milioni 2.85, nyumba ni ile ile, kilichobadilika ni nani aliyetoa tarakimu. Hilo ndilo nililojifunza katika kipimo hicho: hakina akili yake chenyewe, kinarudisha kile ulichokitia. Thamani ya baadaye na gharama ya matengenezo ni tarakimu mbili ambazo hupaswi kamwe kuzipokea kwa mtu anayelipwa ukinunua.

Nilipokutana na mwenye nyumba katika ofisi ya wakili, ndipo nikajua kwamba yeye alikuwa akitaka milioni 2.9. Katikati walikuwapo madalali watatu, mmoja kampa mwenziwe, naye kampa wa tatu, kila mmoja akipachika cha juu chake, na wa tatu hakuwa amewahi kumwona mwenye nyumba kwa macho. Mama yule alishtuka kusikia milioni 3.8, na kwa kweli alihuzunika, kwa sababu alikuwa amewaamini. Tuliketi wote siku ya pili. Tulikubaliana kwamba mkataba uandikwe kwa bei aliyoitaka, milioni 2.9, na kwamba mimi nilipe ujira wa shilingi 350,000 wagawane wao watatu, kwa risiti. Hawakufurahi siku hiyo, lakini walilipwa, na mmoja wao ndiye aliyeniletea ile nyumba ya Mikindani.

Hesabu yangu ikawa hivi. Nyumba milioni 2.9, ujira 350,000, ushuru wa stempu 116,000, kwa kuwa mijini ni asilimia 4 na mthamini wa serikali aliikubali bei ya mkataba, kisha matengenezo 650,000. Jumla ni 4,016,000 kabla ya ada ya wakili. Kodi ni shilingi 18,000 kwa kila makao, yaani 432,000 kwa mwaka kama hapana siku nyumba imekaa tupu. Mimi huhesabu miezi 11, nikatoa kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, kisha nikatoa reti za kaunti na marekebisho madogo. Ninabakiwa na takriban 320,000, karibu asilimia 8 ya pesa nilizotia. Kwa bei ya kwanza niliyotajiwa ingekuwa karibu asilimia 7, na kama ningeamini tarakimu za matengenezo za dalali, ningeishiwa pesa nyumba ikiwa haina paa. Nilikivuka kikomo cha milioni 2.85, lakini sikununua ili niuze mwezi ujao. Ningekuwa na nia ya kuuza upesi, ningeiacha.

Mchangiaji kutoka Tudor

Samahani dada, mbona unamtaka mtu amwone mwenye nyumba, mpima, mthamini na fundi, ilhali ofisi ya ardhi ipo? Mimi dalali wangu amenifanyia sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, imerudi safi, jina la mwenye mali ni lile lile lililo kwenye kitambulisho, hakuna deni la benki, hakuna zuio. Nadhani tunawatisha wanaoanza bila sababu. Hati ni hati.

Mwenye uzi

Nakuelewa, ndugu yangu, na miaka michache iliyopita ningekujibu kwa unyonge zaidi. Kwanza, sachi aliyoifanya dalali ifanye tena wewe, au wakili wako, kwa sababu karatasi iliyopita mikononi mwa anayeuza si ushahidi wako. Ifanye tena siku chache kabla ya kulipa fungu la mwisho, kwa kuwa zuio linaweza kuingizwa katikati.

Lakini zito zaidi ni hili. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema kwamba cheti cha umiliki ni ushahidi wa umiliki, ila kinaweza kupingwa iwapo kilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, nayo ilihusu kiwanja cha papa hapa Nyali, karibu na ufuo. Kiwanja hicho kiligawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kikapita katika mikono mingine kabla ya kuifikia kampuni iliyoshtaki, na hati zilikuwapo. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Mahakama ilisema kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma, kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, na kwa hiyo aliyenunua baadaye hakuweza kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Hati aliyonayo mtu haitoshi; chimbuko lake ndilo linalotazamwa.

Kwa hiyo, sachi safi inakwambia rejista inasema nini leo. Haikwambii kiwanja kilitoka wapi. Mwambie wakili wako aombe historia ya kiwanja, tangu ugawaji wa kwanza, hasa kikiwa karibu na ufuo, shule, uwanja wa michezo au soko. Inachukua muda na dalali atanung’unika. Muda huo ni wako, si wake.

Mchangiaji kutoka Majengo

Shangazi, naomba kuuliza jambo ambalo naona halijatajwa. Nimeletewa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huku Kisauni, shilingi 900,000 tu, na dalali anasema kwamba nitarudisha pesa zangu kwa miaka mitatu kwa kodi ya vyumba. Ninapouliza hati, naambiwa kuna “karatasi ya mauziano” iliyopigwa muhuri wa mzee wa mtaa. Pia naambiwa mwenyewe alifariki mwaka uliopita na anayeuza ni mwanawe mkubwa.

Mwenye uzi

Mwanangu, usitoe hata shilingi kwa sasa, na ngoja nikueleze kwa utulivu, kwa kuwa mambo mawili yamekutana katika nyumba hiyo moja.

La kwanza, bei hiyo inaniambia kwamba huenda unauziwa nyumba bila ardhi. Hapa Pwani ni jambo la zamani na la kawaida kwamba nyumba iwe ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake iwe ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe zimejaa nyumba za namna hiyo, na watu wema wameishi humo vizazi vitatu. Sisemi kwamba ni haramu kuinunua. Nasema kwamba unachonunua ni kuta, mabati na mapatano ya kukaa, wala si kiwanja, kwa hiyo benki haitaichukua kuwa dhamana na mwenye ardhi akiiuza utajikuta unazungumza na mtu usiyemjua. Muulize dalali kwa maneno haya hasa: “Ni nyumba na ardhi, au ni nyumba bila ardhi?” Kisha mtafute mwenye ardhi mwenyewe, umuulize kama anamtambua anayeuza, kama kodi ya ardhi imelipwa, na kama atakupokea wewe kwa maandishi, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Wapo wenye ardhi wanaotaka walipwe kila nyumba inapobadilisha mkono. Hayo yote yaandikwe na wakili. Muhuri wa mzee wa mtaa unashuhudia kwamba mzee alikuwapo tu.

La pili ni marehemu. Mwana mkubwa hana haki ya kuuza nyumba ya babake kwa sababu tu ni mkubwa. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mali isiyohamishika haiuzwi kabla uteuzi huo haujathibitishwa. Uthibitisho kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Kuigusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Ikiwa familia ni Waislamu na wamepeleka mirathi kwa Kadhi, omba kuuona uamuzi unaotaja warithi wote na mafungu yao, kisha uhakikishe kwamba kila mmoja ametia saini, pamoja na mabinti walioolewa mbali na mjane, ambao ndio husahauliwa mara nyingi kuliko wote. Na waulize wazee wa msikiti kama nyumba au ardhi hiyo haikuwekwa wakfu. Mali ya wakfu mrithi hana haki ya kuiuza, hata akileta mashahidi mia.

Dalali wako huenda hajui lolote kati ya haya. Yeye anajua kwamba kijana ana shida ya pesa. Hiyo ndiyo habari aliyonayo, na ndiyo unayoweza kumlipia, mambo mengine yakinyooka.

Mchangiaji kutoka Shanzu

Nina mkataba mkononi wa aina ile ya tatu. Kijana mmoja amelipa asilimia 10 kwa mwenye kiwanja, mkataba una mawakili pande zote mbili, umetiwa saini, na unaruhusu mteule. Anataka shilingi 250,000 aniachie nafasi yake. Zimesalia siku 41 katika zile 90 za kukamilisha. Je, niingie?

Mwenye uzi

Huyo kijana amefanya kazi yake vizuri, na ningependa kumjua. Niangalie mambo machache pamoja nawe.

Siku 41 ni chache kuliko zinavyosikika. Ushuru wa stempu unangoja tathmini ya serikali, na muuzaji anapaswa kupata vyeti vya kutodaiwa reti na kodi ya ardhi, kulipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, na kupata ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa iwapo ni mali ya familia. Kama kiwanja kiko upande wa Kilifi na bado ni shamba, kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kinahitajika, na mauzo yasiyo na kibali hicho ni batili. Mwambie wakili wako aulize leo ni kipi kati ya hivyo kimekwisha kupatikana. Ikiwa hakuna hata kimoja, omba muuzaji aongeze muda kwa maandishi kabla hujaingia, kwa sababu siku ya 91 ikifika wewe ndiwe utakayekuwa umeshika mkataba uliopita muda wake.

Zile shilingi 250,000 usimpe zote mkononi. Mpe sehemu ndogo siku ya kutia saini hati ya kuhamisha nafasi, na zilizobaki zikae kwa wakili hadi usajili. Ile asilimia 10 aliyokwisha kulipa, hakikisha kwa barua kutoka kwa wakili wa muuzaji kwamba imepokewa, iko wapi, na kwamba itahesabiwa kuwa yako. Muuzaji naye akutambue kwa maandishi hata kama mkataba unaruhusu mteule. Na wakili awe wako wewe, uliyemchagua na kumlipa; usikubali wakili aliyeletwa na kijana, hata akiwa mtu mwema.

Mchangiaji kutoka Majengo

Shangazi, nimerudi. Jana nilikwenda Kisauni bila dalali, nikaketi na mwenye duka aliye mkabala na nyumba. Ni nyumba bila ardhi, kama ulivyosema. Mwenye ardhi ni mzee anayeishi Mji wa Kale, na kodi ya ardhi haijalipwa kwa miezi 14. Marehemu ameacha wajane wawili. Mmoja wao anaishi katika chumba cha nyuma, na hakuwa amesikia kwamba nyumba inauzwa. Nilishindwa kumwambia lolote, nikaaga tu.

Mwenye uzi

Umefanya vyema kwenda, mwanangu, na umefanya vyema kuaga. Mpigie dalali leo umwambie ulichokiona, ili asimpeleke mnunuzi mwingine asiyejua. Yule mjane apate mtu wa kumfikishia habari kwa heshima. Mzee wa mtaa au imamu wa msikiti wa pale anafaa zaidi kuliko wewe au dalali. Akishajua, na familia ikaenda kwa Kadhi, jambo hilo litachukua miezi kadhaa. Ukiwa bado unaitaka nyumba wakati huo, niandikie, tutakwenda pamoja Mji wa Kale kumwona mwenye ardhi.

Kaka wa Jomvu, naisubiri ile barua ya wakili wako. Iweke hapa ukishaondoa majina, tuisome.